Alama ya Boma Letu Kwenye Menyu

S.L.P. 83,
Mabwerebwere,
Kilosa.
19 Agosti 2001

Mpendwa mdogo wangu Sempele,

Shikamoo yako ya mwezi wa sita ilinifikia salama. Marahaba, ingawa itakuwa imechelewa njiani. Goti la shemeji linaendeleaje? Na wale ndama waliokuwa wakikohoa, wamepona? Mimi ni mzima. Macho yanataka mwanga zaidi kuliko zamani, kwa hiyo nasoma asubuhi tu, dirishani. Mke wangu Sesilia naye hajambo, anakusalimu huku akilalamika kwamba huandiki mpaka uandikiwe.

Huku ni kiangazi kweli. Mto umepungua, na vumbi la barabara ya Mikumi linafika mpaka kwenye chai. Tangu biashara zilipoachiwa huru, kila mtaa una duka la dawa za mifugo. Dawa zipo, ila wa kukueleza ipi ni ya nini ndiye hapatikani.

Sasa nije kwenye jambo la binti yako Nalepo. Barua yako ilisema kiangazi kikiisha arudi Handeni, kwa kuwa kukodolea macho kioo cha kompyuta si kazi. Sikukujibu haraka kwa sababu sikuwa na la kusema. Sasa ninalo, na nakuomba ulisome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Unajua aliajiriwa na umoja wa wakulima na wafugaji wa hapa, dawati la wafugaji. Kazi ilikuwa kuandikisha ng'ombe kwenye kompyuta, ili mnyama akipotea au akiingia shambani ajulikane ni wa nani kabla watu hawajashikiana fimbo. Ila wafugaji hawakuja. Mwenyekiti, mzee Simoni, mkulima wa kijiji cha Ulaya, alikwishasema kwamba dawati lisipopata watu mwaka huu litafungwa. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyekuwa ukimrudisha binti nyumbani.

Katibu wao, Frank, alisema wafugaji wanakimbia kodi. Siku moja nilikuwepo mwenyewe alipoingia mzee Samsoni wa Tindiga. Hajakaa sawasawa, Frank akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Samsoni akamtazama, kisha akasema taratibu, "Kijana, nihesabie kwanza meno ya mama yako, ndipo nami nikuhesabie ng'ombe." Akachukua fimbo yake akaondoka.

Wewe na mimi hatuhitaji kuelezwa. Baba hakutaja idadi ya ng'ombe wake hata siku moja, na alimjua kila mmoja kwa rangi na kwa sikio. Lakini Frank ni mtoto wa shamba la mpunga. Magunia huhesabiwa, na hakuna gunia lililowahi kufa kwa kuhesabiwa. Alikuwa akifuata kioo tu. Kioo kilikuwa na orodha pembeni, wanaiita menyu, na juu kabisa paliandikwa Idadi ya Mifugo.

Nalepo hakubishana naye. Alinieleza baadaye, kwa subira ambayo sijui ameitoa wapi, maana kwako haikutoka. Ile programu ilitoka Dar es Salaam ikiwa na nyongeza nyingi ndani yake: ya mpunga, ya mashine ya kukoboa, ya kuku, hata ya samaki. Aliyeifunga kwenye kompyuta aliona menyu ingekuwa ndefu mno, akachagua chache za kuonekana. Nyingine zimo ndani, nzima kabisa, ila hakuna anayeziona, na kila mtu pale ofisini aliamini kwamba kisichoonekana hakipo.

Yeye akafungua ukurasa wa mipangilio, ambao hakuna aliyekuwa akiugusa. Huko kila nyongeza ina kisanduku chake. Ukikitia alama ya vema, inatokea kwenye menyu. Ukiiondoa, inakaa kimya. Humo akaikuta nyongeza ya Alama za Mifugo: sikio, chapa, rangi, pembe. Ilikuwemo muda wote.

Mzee Simoni alipoona, akafurahi, akataka ile ya idadi ing'olewe kabisa. Nalepo akamwambia hapana. Nyongeza ya alama inaegemea ya idadi. Ukiing'oa moja, nyingine haifunguki, na ng'ombe wachache walioandikwa wanapotea. "Tunaificha tu, mzee," alisema. "Haijatukosea kitu. Imekaa mlangoni, ndiyo shida." Sempele, nimesoma vitabu vingi, lakini sikumbuki lini nilisikia jambo likielezwa vizuri hivyo kwa maneno machache hivyo.

Akaficha kuku na samaki pia. Wakulima wakabaki na menyu yao ya mpunga kama walivyoizoea, na dawati la wafugaji likafunguka kwa alama. Kisha akapanda baiskeli mwenyewe hadi Tindiga, akamwamkia Samsoni, akamwomba aje mara moja tena.

Samsoni alikuja akiwa amenuna. Nalepo akamuuliza, "Baba, kwenu mnakata sikio lipi?" Mzee akaweka fimbo chini. Alizungumza mpaka adhuhuri, ng'ombe mmoja mmoja, na mama yake, na mama ya mama yake. Kesho yake walikuja wenzake.

Wiki iliyopita mtamba wa kijivu aliingia kwenye mpunga wa mama mmoja wa Ulaya, Magreti. Zamani vijana wangeitana. Safari hii alimtuma mtu ofisini aeleze sikio lilivyokatwa, na kabla ya jioni mwenye mtamba alifika, akaomba radhi, wakakubaliana. Frank sasa hagusi menyu bila kusema, "Dada Nalepo, niruhusu." Na dawati halifungwi.

Limebaki moja. Juzi Nalepo aliniomba nimweleze alama ya boma letu la Mikumi. Tangu tuhame kule hakuna ng'ombe anayeibeba. Wewe Handeni ulifuata alama ya wakwe zako, na mimi nilibaki na vitabu. Nilimweleza ule mkato wa mwezi mchanga, upande wa chini. Akaandika, kisha akaniuliza, "Baba mkubwa, niionyeshe, au ikae tu ndani?"

Nikamwambia, "Ionyeshe."

Akaniuliza ni sikio lipi, nami nikashindwa. Mimi nilikuwa nikikaa mbali kwa kuogopa damu. Wewe ndiye uliyekuwa ukishika kichwa cha ndama, baba akikata.

Basi usinijibu mimi. Mwandikie yeye, kwa sanduku hili hili. Hajapata barua yako tangu aondoke, na bado huenda posta. Mwambie ni sikio la kulia au la kushoto, na mwambie kama akae huku. Nafasi hiyo ameiacha wazi.

Nisalimie shemeji Naipanoi na goti lake, Naserian na watoto wake, na mzee Yeremia kama bado anabishana na redio. Mungu awape mvua isiyo na haraka, na nyasi ziwakute ng'ombe wako wakiwa hai.

Kaka yako akupendaye kama siku zile za Mikumi,

Seuri