Ruta Uliyotuchagulia

Mkolani, Mwanza
Juni 2024

Kwa kaka yangu Revocatus,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba wewe, mama Precious na watoto hamjambo huko Dar. Huku Mama ni mzima, presha imetulia, na anakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imechafuka, na ninaandika kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Kaka, ni kuhusu ile ruta ya kusambaza intaneti. Nilikuomba ushauri tu. Nilikueleza kwamba laptop yangu ni ya zamani, kwamba intaneti ya simu inakatika hovyo, na kwamba nina jambo muhimu la kuzungumza kwa video. Hukuuliza ni jambo gani. Ukasema nikuachie, wewe ndiye unayejua vifaa, na wiki iliyofuata nikapokea kwenye basi boksi lenye ruta ya antena nane.

Nashukuru kwa moyo wa kutoa. Lakini laptop yangu haikuiona kabisa. Niliizungusha sebuleni, nikaipeleka hadi jikoni, wapi. Kumbe uliiwekea mawimbi mapya tu, yale ya kasi, ambayo laptop ya umri huo haiyajui, halafu ukafunga mipangilio kwa namba ya siri unayoijua peke yako, eti tusije tukaharibu. Nilipokupigia ukacheka, ukasema laptop hiyo ni ya kutupa. Kaka, laptop hiyo niliinunua mwenyewe kwa kushona sare za shule. Sijawahi kukuambia utupe kitu chako.

Simu za watu, zote ziliiona. Mama unamjua, mgeni akiketi anakaribishwa maji, na sasa anakaribishwa nywila ya intaneti pia. Ameibandika ukutani kando ya kalenda ya kanisa. Mama Ngosha wa jirani alikuja kuazima ungo, akakaa mpaka jioni akitazama mahubiri. Mtaa mzima unakula bando, na mwenye shida nimekaa na laptop mapajani nawatazama. Nilipolalamika, Mama akaniuliza kama nataka watu waseme nyumba yake ina uchoyo.

Basi nikabeba laptop yangu hadi dukani mjini. Muuzaji naye akaanza na habari za antena. Nikamwambia nataka ruta inayotoa mawimbi ya zamani, na silipi mpaka laptop hii ifungue video mbele yangu. Alinuna, lakini akawasha moja baada ya nyingine, mimi nimekaa palepale kwenye kiti cha plastiki. Mwishowe ndogo moja isiyo na mbwembwe ikakubali. Jumatano nilijifungia chumbani, nikazungumza saa nzima bila kukatika.

Sasa nikuambie lile jambo ambalo hukuuliza. Ulikuwa usaili. Chuo kimoja cha ufundi huko Kigoma kinataka mwalimu wa ushonaji, na wamenichukua. Naanza mwezi ujao. Tangu Baba afariki, ninyi wakubwa mliamua kwamba mimi kitindamimba ndiye nitakayebaki na Mama. Mimi sikuulizwa, na Mama hakuulizwa. Safari hii nimemuuliza. Akasema anataka kuishi na wajukuu zake huko kwako, na tayari ameanza kukunja vitenge. Mpeni chumba cha chini, maana ngazi zinamuumiza magoti.

Tiketi yake ni ya Jumamosi. Barua hii nimempa kijana wa jirani, Venant, anayesafiri kesho, akukabidhi mkononi. Najua utakasirika kwamba mambo ya nyumba yako yameamuliwa bila wewe kushirikishwa. Kasirika tu, kaka. Mimi hasira hiyo nimeishi nayo miaka yote hii, na bado chakula cha Mama kilikuwa mezani kwa wakati.

Umpokee stendi wewe mwenyewe, usitume mtu. Wabusu watoto, na mama Precious mwombe radhi kwa niaba yangu, kwa sababu yeye tu ndiye niliyepaswa kumuuliza.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,
Modesta