Siku Darasa la Tano Lilipofungua Mdomo

Nanyamba, Ijumaa, Oktoba 1972

Jua kali tangu asubuhi, kijiji kizima kinanuka mabibo, na mimi nimepasi.

Naandika tena nilione vizuri. Nimepasi.

Najua habari njema huwekwa mwisho, lakini nimeshindwa kusubiri. Wiki mbili nzima nimekuletea kilio tu, shajara yangu, basi leo vumilia majivuno. Nina haki nayo.

Unakumbuka mkaguzi alipokuja mara ya kwanza. Nilifundisha Kiingereza kipindi kizima, nikauliza maswali na kuyajibu mwenyewe, huku watoto wa darasa la tano wakinitazama wanavyoitazama mvua, wakingoja niishe. Yule mzee akavua miwani, akaniambia, "Ndugu, leo umefundisha madawati." Akasema atarudi mara moja tu. Nikishindwa tena, mazoezi ya kufundisha yamekwisha, cheti sipati, narudi Upare mikono mitupu. Na baba ameshatangaza kanisani kwamba binti yake ni mwalimu.

Nililia. Nilipomaliza kulia nikawakasirikia watoto, hasa Somoe. Huyu anakaa dawati la nyuma kabisa. Kwenye hesabu ni moto, lakini Kiingereza hajawahi kunitolea hata neno moja. Nikimsimamisha anainama, anatazama vidole vya miguu yake mpaka nichoke. Nilimwona jeuri.

Juzi Jumatano jioni mwenye nyumba wangu, Bi Mwanahamisi, akanipeleka kwenye ngoma kwa jirani aliyepata mjukuu. Wanawake walisimama duara, wanapiga makofi, mmoja anaingia katikati, anacheza, anatoka. Mara nikasukumwa mimi. Nikaganda. Mimi mtoto wa kwaya, miguu yangu inajua kusimama wima tu. Nikataka kutoka, duara halikufunguka.

"Ukiingia katikati hutoki mpaka ulipe, mwalimu wangu," Bi Mwanahamisi akaniambia huku anacheka. "Uimbe, ucheze, hata upige chafya, lakini ulipe."

Nikainama, nikatazama vidole vya miguu yangu. Mwishowe wakanihurumia kwa ugeni wangu, wakasema nitalipa siku nyingine.

Njiani kurudi ndipo nilipomwelewa Somoe. Kumbe hivyo ndivyo anavyojisikia nikimsimamisha. Tena mwenzake mimi nilipigiwa makofi. Yeye sikumpigia makofi, nilimkazia macho tu.

Sasa leo. Neno la somo lilikuwa ring. Neno dogo, lakini kamusi ya shule imelipa nafasi kubwa: pete, hereni, duara la watu, ulingo wa ndondi, mlio wa kengele, kumpigia mtu simu. Nilichora yote kwenye karatasi ya manila, kwa rangi, na nilijiona fundi. Mkaguzi akaingia, akaenda kukaa nyuma, jirani na Somoe. Nikainua picha ya pete nikauliza hiki ni nini. Kimya. Nikainua ya simu. Kimya zaidi, na kwa kweli ni nani pale aliyewahi kushika simu? Nikaona kalamu ya mzee imeanza kutembea kwenye karatasi.

Nikaiweka manila chini. "Tokeni nje," nikasema.

Hata mimi nilishtuka kujisikia. Uwanjani nikawaambia washikane mikono, wafanye duara. Nikawaambia kwa Kiingereza kwamba hii ni ring. Halafu nikawapa sheria kwa Kiswahili: anayeingia katikati anatoa sentensi yenye neno hilo, ndipo afunguliwe. Wakaangua kicheko. Sheria hiyo waliijua kuliko mimi.

Wakamsukuma Somoe.

Akainama kama kawaida yake. Nilitaka kumwokoa, nikajiuma mdomo. Wenzake wakaanza makofi polepole, yale yale ya Jumatano. Baadaye kidogo Somoe akanyoosha mkono kwa rafiki yake aliyekuwa amevaa ngata kwenye kiwiko, ile ya majani wanayowekea ndoo ya maji kichwani. Akaichukua, akaiweka kichwani, akasema kwa Kiingereza kwamba hii ni ring ya mama yake, inabeba maji. Sarufi ilichechemea na sikujali hata kidogo. Duara likafunguka kwa vigelegele.

Baada ya hapo ningewazuia na nini? Issa, mtoto wa fundi baiskeli, akasema magurudumu ya baba yake. Mwingine akasema hereni za bibi. Mmoja akasema juzi mwezi ulivaa ring na baba yake amesema mvua iko njiani. Wakawa wanasukumana kugombea katikati. Ngata na mwezi havikuwemo kwenye manila yangu, maana sikuwahi kuviwaza.

Mkaguzi alikuwa amesimama nje ya duara na karatasi zake. Watoto wawili wakaachiana mikono, wakamzunguka, wakashikana tena. Mzee yuko ndani.

Nikasema moyoni, nimekwisha.

Makofi yakaanza. Mtu mzima, shati limenyooshwa kwa pasi, akatazama huku na huku akitafuta mlango. Halafu, nakuapia, akainama akatazama viatu vyake. Tungekuwa pale mpaka sasa kama kile kipande cha reli, ndiyo kengele yetu, kisingegongwa kwa mapumziko. Akainua kidole haraka, akasema kwa Kiingereza kwamba kengele inalia, na neno la somo alilitumia sawasawa. Wakamfungulia wakimshangilia kuliko walivyomshangilia Somoe.

Akaniita pembeni akijifuta jasho. Nilidhani nitafokewa.

"Ndugu," akasema, "leo umefundisha watoto." Akatembea kidogo, akageuka. "Umepasi. Ila siku nyingine unionye."

Kesho asubuhi nitamwandikia baba. Jioni hii bado ina kazi yake. Bi Mwanahamisi amekwisha sikia habari, sijui nani alimwahi, na uani kwake ngoma zinapashwa moto. Nachungulia dirishani naona wanawake wamesimama duara, na Somoe yumo miongoni mwao, ngata ingali kichwani, ananiita kwa mkono. Nafasi ya katikati wameiacha wazi. Miguu yangu haijajifunza lolote tangu Jumatano. Lakini Somoe naye, asubuhi, alikuwa na nini zaidi ya majani ya mwenzake?

Naweka kalamu chini. Naenda kulipa.