Mahindi Yaliyo Stoo Si Yetu

Kizwite,
Sumbawanga.
20 Januari 2025.

Mpendwa kaka Wilibrodi,

Shikamoo kaka. Habari za Newala, na kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia vumbi la chaki linakukohoza, nami nikakucheka kwamba unatafuta likizo. Sasa sicheki, nataka kujua kama ulikwenda kupima. Wifi Sharon naye hajambo, na watoto wamefungua shule salama?

Sisi miili ni mizima, tunashukuru. Mvua imeshika tangu Novemba, asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa nne, na nguo za watoto hazikauki. Mama yuko Laela, goti linamsumbua, lakini bado anabishana na wanunuzi wa mahindi pale barabarani kama unavyomjua. Yohane ametimiza miaka minne. Jane anatembea akishika ukuta.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yangu niliiuza mwezi wa kumi na moja, tumebaki na ya Adriano. Mambo ninayotaka kukueleza siwezi kuyasema kwenye simu ya mume wangu.

Kaka, nina deni. Nilikopa milioni moja na laki mbili kwenye kikundi chetu cha akina mama Julai iliyopita, na pamoja na riba natakiwa kurudisha milioni moja, laki tatu na ishirini. Kikundi kinavunja mzunguko tarehe thelathini na moja mwezi huu, na kila mkopo lazima uwe umerudi ndipo watu wagawane. Aliyenidhamini ni Fortunata, fundi nguo wa hapa jirani, na dhamana aliyoweka ni cherehani yake. Hana mume na ana watoto watatu. Nikishindwa kulipa, watakwenda kwake kuibeba.

Adriano hajui. Unakumbuka wale wakopeshaji wa kausha damu walivyokuja kuchukua pikipiki yake mbele ya majirani, na yeye amesimama mlangoni na kandambili mguu mmoja. Tangu siku ile aliapa kwamba mkopo hautaingia tena katika nyumba yake, na mimi niliitikia. Kwa hiyo nilipoleta gunia ishirini na nne za mahindi kutoka kwao Msanzi, nilimwambia nimenunua kwa akiba yangu. Alifurahi sana. Siku mbili nzima aliniita tajiri.

Mpango wangu ulikuwa kuyaweka mpaka bei ipande, niuze, nirudishe hela za watu, faida ibaki, na yeye asijue kitu. Kwenye karatasi ilikaa vizuri. Nilichosahau ni mvua, mimi niliyezaliwa huku huku na kunyeshewa miaka thelathini na moja.

Mvua ikishika, mwashi kama Adriano hana kazi. Tangu Novemba tunakula mshahara wangu wa duka la pembejeo, laki na themanini, na katika hizo Mama Minza anachukua elfu themanini kwa kunilelea watoto wawili. Ni yule Msukuma aliyehamia kutoka Mtowisa, anayelea watoto wa mtaa mzima kwenye kibaraza chake. Siwezi kumlaumu, watoto wanarudi wameshiba na safi. Wala siwezi kuwaacha na Adriano, kwa sababu kila asubuhi anatoka kutafuta kibarua na hujui siku gani atapata. Na Jane siwezi kumkalisha dukani katikati ya dawa za kuulia wadudu. Nikiacha kazi nimlee mwenyewe, nani ataleta hiyo laki na themanini? Nimeligeuza swali hili mpaka kichwa kinauma.

Basi nikaanza kuuza debe moja moja. Debe la kwanza niliuza kwa aibu, la kumi sikuona hata haya. Zikaondoka gunia tano. Mbili nyingine zilikwenda kwa ndugu, maana stoo ikijaa huku kwetu haifichiki. Shangazi yake Adriano alikuja na kiroba kitupu amekikunja kwapani, akakaa, akanywa chai, hakuomba chochote. Ningemwambia nini, kwamba mahindi yale si yetu? Nilimjazia.

Zimebaki gunia kumi na saba. Bei sasa ni elfu sabini na tano, hivyo nikiuza zote napungukiwa elfu arobaini na tano tu, na bosi wangu amekubali kunikopesha kwenye mshahara. Nilikuwa na wasiwasi lakini usingizi ulikuwa unakuja. Sasa hauji, na sababu ni kikao cha Msanzi.

Wifi yangu, Sista Epifania, anaweka nadhiri za daima tarehe mbili Februari. Unajua nadhiri zilivyo jambo kubwa kwa watu wetu. Baada ya Krismasi ukoo wao ulikaa kupanga michango. Kaka yao mkubwa Kalisti alitoa ng'ombe, wengine wakataja mchele na hela. Adriano alikaa kwenye kona. Tangu pikipiki ibebwe, vikao vya kwao huwa anakwenda kusikiliza tu. Halafu akasimama. Akasema, "Mimi na mama Yohane tutaleta gunia sita za mahindi."

Mama mkwe alinyanyuka akamshika mkono. Watu wakapiga vigelegele, na mimi, kaka, nilipiga pamoja nao. Hilo ndilo linalonichoma. Ningeweza kumvuta pembeni jioni ile nikamweleza. Lakini nilimwona uso wake, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimwona vile. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Gari la Kalisti linakuja kuchukua mahindi Jumamosi hii, tarehe ishirini na tano, ili yawahi kusagwa. Zikiondoka gunia sita, kwenye deni kunabaki pengo la karibu laki tano. Zisipoondoka, Adriano ataaibika mbele ya ukoo wake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Nitakuambia na ujinga wangu wote. Wiki iliyopita niliamua kusema kwamba dumuzi wameingia stoo na mahindi yameharibika. Nikafungua gunia moja nipate walau punje chache zilizotobolewa nimwonyeshe. Nilichambua mpaka mikono ikawa myeupe kwa dawa ya kuhifadhia. Mahindi safi, yanang'aa, hata punje moja yenye tundu hakuna. Sijawahi kusikitika kuona mahindi mazuri hivyo. Nikakaa juu ya gunia nikalia, kisha nikashona mdomo wake tena.

Leo nimemchukua Jane jioni, akanililia akimnyooshea mikono Mama Minza. Yule mama akasema taratibu, "Mama Yohane, watoto wako nawapenda, ila sukari ya uji dukani hawanikopeshi." Ya Januari sijamlipa. Wakati huohuo Fortunata alipita, akaniuliza kama tarehe thelathini na moja nitavaa gauni alilonishonea. Hana shaka na mimi hata kidogo.

Sikuandikii unitumie hela, najua Januari ilivyo kwa mwalimu mwenye watoto wanne. Nilitaka kukuomba umpigie Adriano umweleze wewe, kwa kuwa anakuheshimu. Hapo juu utaona mstari niliouanza nikaukata. Naona si haki alisikie jambo la nyumba yake kutoka Newala.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama wifi bado anakupikia korosho kwenye mchuzi. Yohane anamsalimu mjomba, amechora gari nyuma ya karatasi hii, usidhani ni ng'ombe. Msalimie wifi Sharon na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Mungu akilinde kifua chako na nyumba yako, na mikono yenu isikose cha kushika.

Kesho asubuhi Adriano ndiye atakayeipeleka barua hii posta. Nitampa bahasha ikiwa wazi, nimwambie aisome yote kwanza, kisha aifunge mwenyewe. Sina ujasiri wa kuyasema haya nikimtazama, na Jumamosi haingoji. Kwa hiyo kaka, ikikufikia, ujue ameifunga yeye.

Na wewe baba Yohane, ukiwa umefika hapa, usinijie dukani mbele ya wateja. Watoto wako kwa Mama Minza. Nitatoka saa kumi na moja, nitapita njia ya kanisani. Kama bado unataka kutembea na mimi, nisubiri hapo.

Mdogo wako akupendaye,
Cornelia