Mukono wa Théophile

Kampala, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Dada Mukasine,

Yambo sana. Unaamukaje na batoto? Kifua ya Mama ilipona? Miye niko, kidogo kidogo.

Najua matanga ya bwana yako Théophile ilipita bila miye. Barabara ilifungwa na vita, lakini kweli niliogopa macho yako. Miye njo nilimutuma akuletee franga, wakamuulia kwa barabara ya Kirolirwe.

Ulijua namna tulikuwa tunacheza poker kwa kazino. Bei ya ngombe yako njo ilikuwa mutaji. Kila siku tunatoa fungu moja ya kumi, basi. Tukikula, tukishinda wenzetu, nusu inarudi kwa mutaji, nusu tunagawana. Miye nashika karata, Théophile anakaa nyuma. Ile ya siku ikiisha, ananigusa bega, tunasimama. Hata niwe na karata ya namna gani! Miye peke yangu sijue kusimama, unanijua tangu utoto.

Jana nilirudia kwa kazino, peke yangu. Ya siku iliisha, nikaingiza mukono mufukoni nitoe ingine. Akanigusa. Nilisikia vidole vyake, Dada. Kugeuka: kiti tupu. Nikasimama, nikaenda kulala na taa inawaka.

Mudogo wako, Evode

Bihambwe, tarehe 20 mwezi wa tatu

Evode mudogo wangu,

Yambo. Mama anakohoa bado. Batoto wanalima na miye shamba ya watu.

Wee! Théophile, muntu wa kuogopa hata hoteli, kwa kazino alifuata weye tu, sasa hata kisha kufa anakaa kule? Nililia. Siku ya kuondoa matanga waliuliza: nani iko na jambo na marehemu, aseme, amufungue. Weye haukuwa pale. Njo maana hapumzike. Acha ile mambo, urudishe mutaji, ninunue ngombe.

Dada yako

Kampala, tarehe 11 mwezi wa ine

Dada,

Yambo kwenu wote. Usinikasirikie. Siwezi kuacha: kwa chumba yangu hafike, anafika kwa meza tu. Namununulia Fanta. Fungu yake natenga kila mara, na mutaji inapanda. Bado kidogo, itakuwa ngombe na ndama.

Evode wako

Bihambwe, tarehe 2 mwezi wa tano

Mudogo,

Yambo, Mama anakusalimia. Jumapili nilikusanya jamaa upya. Nilisimama kwa nafasi yako, nikasema: Evode na Théophile wamemalizana, aende na amani. Tukamwanga kasiksi, ile pombe ya ndizi, katekista akaomba. Ile usiku nililala vizuri, mara ya kwanza tangu wamuue. Sasa uko huru. Kuja na franga weye mwenyewe.

Dada yako anayekupenda

Kampala, tarehe 19 mwezi wa tano

Dada,

Ile Jumapili nilikuwa kwa meza. Ya siku ikaisha. Nikangojea. Nikatoa ingine, pole pole, ili apate nafasi ya kunigusa. Nikaegemea nyuma, nikamusogezea bega. Nikaita jina yake, watu wakacheka. Nikatoa fungu yake pia, nikasema hapo atakasirika, atanishika.

Franga yote iliisha, walifunga kazino, miye bado nangoja. Ngombe yako hakuna tena, Dada. Na yeye pia hakuna.

Kwa nini haukuniuliza?

Evode