Bado Tuko Bamako

Papa wangu mpendwa,

Mkuu wa shule alinikabidhi darasa lako wiki moja baada ya mazishi. Nilikuta Bamako bado iko ubaoni kwa chaki yako, na mto Niger ukielekea jangwani. Ulikuwa umeufikisha Timbuktu tu kengele ikalia, ukawaambia wanafunzi mtamalizia kesho. Alfajiri yake moyo wako ukasimama.

Sheria yako naijua, maana nilikaa dawati la mbele nikiwa na miaka kumi. Timu yetu ya Lubumbashi ikicheza ugenini, darasa zima linasafiri nayo ubaoni. Ikishinda, ramani inafutwa Jumatatu. Ikifungwa, kama ilivyofungwa Bamako, hakuna kurudi. Ulikuwa ukituambia:

"Batoto, tumepigwa. Hatutoke hapa mpaka tujue hawa bantu banakulaka nini, na mvua yabo inanyeshaka mwezi gani."

Cairo tulikaa majuma matatu. Nilikuuliza Nile inapandaje hadi kule, maana kaskazini iko juu ya ramani. Ulicheka hadi chaki ikakudondoka. "Laza ramani chini, mama. Maji haijue ukuta." Nilinuna, na wewe ukacheka peke yako njia nzima ya kurudi nyumbani. Kicheko hicho nakitafuta sana siku hizi.

Ubao wako sikuugusa. Nilifundisha nikiandika kwenye kona iliyobaki, hadi msichana mmoja akasimama.

"Madame, tutarudia kwetu siku gani? Juma ya kesho ekipe inaenda kucheza Luanda."

Nilimkemea, papa, mbele ya wenzake. Kisha nikatoka uani nikalia, maana alikuwa na haki ya kuuliza.

Leo nimeshika chaki pale mkono wako ulipoishia. Nimeukunja mto kusini, nikaupitisha Niamey, nikaufikisha baharini. Mstari wangu umepinda vibaya kando ya wako. Nikawauliza wanafunzi watu wa Bamako wanakula nini, wakajibu wote kwa pamoja: mtama, wali, samaki wa mtoni. Ulikuwa umewafundisha vizuri.

Nilifuta kuanzia baharini. Nilipofika Timbuktu mkono ulikataa, nikampa kitambaa yule msichana. Mimi niligeukia dirishani mpaka akamaliza.

Inaniuma, papa, na sijui itaacha lini. Watoto nimewarudisha Lubumbashi wote. Wewe nimekuacha Bamako.

Ubakie muzuri.

Mutoto wako wa dawati la mbele