Mchoro wa Tisa

Runyenjes,
14 Novemba 1998.

Kwa kaka yangu mpendwa Kithaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Ni matumaini yangu kwamba baridi ya Timau haijakumaliza, na kwamba ngano mnaivuna salama. Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila Mama bado anasumbuliwa na tumbo, na sababu yake nitaifikia.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaenda kupalilia maharagwe ili hasira ishuke. Haikushuka. Unasema nimekuaibisha mbele ya Mhandisi Runji, ambaye mlisoma pamoja, na ambaye ulimbembeleza anipe kazi ya taipu katika mradi wa maji. Unasema niombe msamaha na nitie sahihi, eti sikio la kufa halisikii dawa. Kaka, wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu. Lakini ulisikia upande mmoja tu, kwa hivyo sasa keti unisikilize na mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa kitabu cha mradi, kile kitakachobaki na kamati wahandisi wakishaondoka: bomba linapita wapi, valvu ipi inafungwa lini. Kina michoro thelathini na mmoja, na kila ukurasa unakutuma kwingine, mara tazama mchoro wa nne, mara tazama wa ishirini. Mwanzoni namba hizo nilikuwa naziandika mwenyewe, moja moja. Mwezi wa Machi Runji akaongeza mchoro mmoja pale mbele, na namba zote zikasogea. Nilirekebisha siku tatu na bado nne zikanipita. Mzee Kivuti, anayetunza valvu, akafuata kitabu, akafungua valvu ambayo siyo, na maji yakaondoka na maharagwe ya watu. Runji alinitukana mbele ya ofisi nzima. Alisema kichwa changu ni cha kubebea kuni tu.

Basi nikachukua kile kitabu kinene kilichokuja na kompyuta, ambacho wao walikuwa wanazuilia dirisha lisijifunge, nikawa nakisoma saa ya kula githeri. Kumbe kompyuta yenyewe inaijua kazi hiyo! Namba huandiki. Unaionyesha mchoro unaoutaka, nayo inaweka namba ya mchoro huo pale. Mchoro ukihama, unachagua maandishi yote, unabonyeza kitufe cha F9, na namba zote zinajirekebisha. Nilikibadilisha kitabu kizima namna hiyo. Runji alicheka, akasema huo ni uvivu wa wasichana wa siku hizi. Uvivu! Tangu siku hiyo hakuna namba hata moja iliyokosea.

Sasa njoo mwezi uliopita. Nilikwenda mazishi siku mbili. Niliporudi, nilikuta Runji amekifungua kitabu mwenyewe na kufuta mchoro wa tisa bila kuniambia. Hakujua kwamba kurasa nyingine zilikuwa zinautaja mchoro huo. Mchoro wa tisa, kaka, ni lile tangi la kuchujia maji kabla hayajashuka kwetu kwa Mama.

Kitabu kilisomwa uwanjani pa kanisa, wafadhili wakiwepo na sisi wote. Mwalimu Njoki, katibu wa kamati, alikuwa anasoma Kiingereza na kututafsiria. Alipofika ukurasa wa ishirini na mbili, akasoma kwamba maji yatapita kwanza kwenye tangi linaloonyeshwa katika, akakwama. Akarudia. Kisha akatafsiri kama kompyuta yenyewe ilivyoandika pale, kwa herufi nene: kosa, kinachotajwa hapa hakipatikani. Watu walicheka. Mama hakucheka. Alisimama akauliza ni mchoro usiopatikana, au ni tangi.

Runji alijibu haraka kwamba mpiga taipu ameharibu kitabu. Mama akasema vizuri, basi twende tukaone tangi, si mbali. Tulikwenda wote, na viatu vyetu vya Jumapili. Tulikuta shimo, na ndani yake mahindi ya mtu yamefika magotini. Saruji ilishakwenda kwingine. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, ile yetu haikufika hata nusu saa.

Sasa Runji ameandika barua niitie sahihi. Inasema niliharibu kitabu kwa kutojua kompyuta, na kwamba tangi halikuwa katika mpango tangu mwanzo. Nisipotia sahihi, Jumatatu sina kazi. Nikitia, tangi litakuwa halijawahi kuwepo hata kwenye karatasi, na Mama ataendelea kunywa matope na kushika tumbo.

Na sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Yale maneno niliyaona. Nilibonyeza F9 siku moja kabla ya kuchapisha, yakatokea mahali sita, na kuyafuta ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaifikiria kazi, nikakufikiria na wewe, jinsi ulivyonisemea. Niliogopa sana, haki ya Mungu. Kisha nikachapisha nakala kumi na mbili nikazifunga vizuri. Kwa hivyo usimwambie mtu kwamba dada yako alikosea. Sikukosea. Nilikusudia, na ikirudi leo nitafanya vilevile.

Msalimie wifi, na Mukiri mdogo umwambie shangazi yake anamwekea miwa. Mama anasema uje Krismasi, na uje na dawa ya tumbo.

Usishangae karatasi hii kuwa nzuri. Nimekuandikia nyuma ya ile barua ya msamaha. Igeuze uisome. Chini kuna mstari wa sahihi, uko mtupu, na utabaki hivyo. Sahihi yangu iko upande huu.

Dada yako akupendaye,
Kaari