Kichwa Nilichonyolewa Tororo

Dada Nafula, hamjambo hapo Lumino?

Mwamba wa Tororo kwenye picha ya postikadi hii una kipara kama cha Baba, kile ninachokikimbia mimi. Jana daktari alininyoa kichwa chote, akatoa seli kwenye ngozi ya kisogo, akanidunga nazo utosini ili nywele ziote upya.

Nje, mama muuza karanga alidhani nimenyoa kwa ajili ya matanga.

"Pole, kijana yangu. Nani amekufa?"

Niliona aibu kutaja nywele. Nikasema, "Baba."

Akanifungia karanga, akakataa pesa. "Peleka kwa watu ya nyumbani."

Mpake Baba mafuta kwenye kipara kwa niaba yangu. Karanga namletea yeye, ila sijui nitamtazamaje akinishukuru.

Kaka yako,
Wandera